UZI: Kupima ugumu wa kondo la nyuma kwa ultrasaundi. Kwa mimba isiyo na tatizo, ile namba inasema nini?

Mpimaji wa Zamu

Wakuu, salaam.

Kuna swali linajirudia humu jukwaani na kwenye meseji za pembeni. Mtu kasoma mahali kwamba siku hizi ultrasaundi inapima ugumu wa kondo la nyuma na inaweza kukutonya mapema kama kifafa cha mimba kinakuja, sasa anauliza aende akapimwe au aachane nayo. Kazi yangu ni kupiga ultrasaundi. Elastografia, yaani kupima ugumu wa nyama kwa ultrasaundi, ya ini naifanya sana, hii ya kondo naifuatilia kwa karibu. Nitaandika kirefu. Mwenye haraka ashike hili moja: hiki bado ni kipimo cha utafiti, na kazi inayosumbua watafiti kuliko zote ni kujua kondo la mama mzima wa afya lina ugumu gani. Hilo lisipojulikana sawasawa, hakuna wa kukwambia la kwako limezidi.

Kondo linapokaribia siku za kujifungua lina uzito wa karibu nusu kilo, upana wa sentimita 20 hivi na unene wa sentimita 2 au zaidi kidogo. Ndani yake kuna vijitawi vingi mno vyenye mishipa ya mtoto, navyo vimezama kwenye damu ya mama. Damu hizo mbili hazichanganyiki. Zinapeana oksijeni na chakula, na kurudisha uchafu, kupitia utando mwembamba sana. Ukivikunjua vijitawi vyote ukavitandaza, unapata zaidi ya mita za mraba 10. Kiungo cha namna hiyo, kilichojaa damu na mishipa, kikiwa kizima kinakuwa laini.

Sasa kifafa cha mimba kinaingiaje? Mishipa ya mama inayomwaga damu kwenye kondo inatakiwa itanuke katika nusu ya kwanza ya mimba. Seli za kondo huingia kwenye kuta zake na kuondoa misuli, ili mishipa ibaki mipana na damu ije kwa wingi na kwa upole. Kwa baadhi ya wanawake kazi hiyo huishia njiani. Damu inakuja kwa mrusho, haitoshi, sehemu za kondo zinakufa, fibrini (nyuzi za damu iliyoganda) na makovu vinajaa. Kovu ni gumu. Na haya yote yanaweza kuanza wiki nyingi kabla presha ya mama haijapanda hadi 140/90. Ndiyo maana watu wakajiuliza: kama kondo linakakamaa kabla mama hajaugua, kwa nini tusiupime huo ukakamavu?

Picha ya kawaida ya ultrasaundi haiuoni. Inaonyesha umbo, unene, mahali lilipokaa, na madoa ya chokaa. Kuna ngazi za Grannum zinazotumika tangu 1979, kuanzia 0 hadi 3, ambazo hupanga kondo kwa mwonekano wake. Lakini chokaa huonekana hata kwenye mimba nzuri kabisa ikishakomaa, kwa hiyo ngazi hizo hazijawahi kuwa kigezo cha kutegemea peke yake.

Elastografia yenyewe ilianza kutajika mwaka 1991, Jonathan Ophir na wenzake huko Houston, Marekani. Wao walibonyeza nyama kidogo kwa nje, wakalinganisha mwangwi wa kabla na wa baada: penye ulaini panabonyea, penye ugumu hapabonyei. Njia hiyo inakupa ulinganisho tu, kwamba hapa ni pagumu kuliko pale. Kwa uvimbe wa titi inafaa, maana nyama nzima ipo jirani. Kwa kondo utalinganisha na nini? Misuli ya mji wa mimba iliyo nyuma yake inakaza na kulegea yenyewe.

Kwa hiyo siku hizi inatumika njia nyingine. Mashine inakusanya sauti kwenye nukta moja ndani ya mwili na kuisukuma nyama kwa muda mfupi sana, chini ya elfu moja ya sekunde. Nyama inasogea kwa mikroni chache, yaani vipande vya elfu vya milimita. Msogeo huo unazaa mtikiso unaotambaa kwenda pembeni. Hapo hapo mashine inapiga picha maelfu kwa sekunde kuufukuzia ule mtikiso na kupima mwendo wake. Fikiria kamba: iliyokazwa ukiitikisa upande mmoja, mtikiso unafika wa pili upesi, iliyolegea, unajikokota. Sauti ya ultrasaundi inapita mwilini kwa mita 1,540 hivi kwa sekunde, wakati mtikiso huu kwenye nyama laini unakwenda mita 1 hadi 10 tu. Tofauti hiyo kubwa ndiyo inayoiwezesha mashine kuuona.

Kutoka kwenye mwendo unapata ugumu kwa hesabu fupi: zidisha mwendo kwa wenyewe, kisha mara tatu, jibu linakuja kwa kilopaskali. Mita 1 kwa sekunde ni kilopaskali 3. Mita 1.5 ni 6.75. Mita 2 ni 12.

Hapo kuna mtego. Kwa kuwa mwendo unazidishwa kwa wenyewe, kosa dogo linavimba. Mtikiso ukiwa mita 1.2, jibu ni kilopaskali 4.3. Mashine ikikosea kwa asilimia 10 tu ikasema 1.32, jibu linapanda hadi 5.2, yaani zaidi kwa asilimia 21. Mtu akiletewa 4.3 leo na 5.2 wiki ijayo atadhani kondo limeanza kuharibika, kumbe ni lile lile. Ndiyo maana mimi napenda ripoti inayotaja mwendo kuliko inayotaja kilopaskali peke yake.

Sasa tuje kwenye mimba zenye afya. Tafiti nyingi zinatoa mwendo unaozunguka mita 1 hadi 1.5 kwa sekunde, na kilichowashangaza wengi ni kwamba namba haipandi wala kushuka sana mimba inavyokua kuanzia miezi mitatu ya kati hadi ya mwisho. Kondo linanenepa, vijitawi vinaongezeka na kuta zake zinazidi kuwa nyembamba, chokaa inaanza kuonekana kwa baadhi, lakini ugumu unabaki pale pale. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari nzuri kuliko zote kwenye somo hili. Uzito wa mtoto lazima uusome kwa jedwali la wiki, na aliyekosea tarehe ya hedhi anasomewa jedwali lisilo lake. Kipimo kisichobadilika na wiki hakina shida hiyo.

Habari mbaya ni mtawanyiko. Makondo ya wanawake wenye kifafa cha mimba, kwa wastani, hutoka magumu zaidi, na hilo limeonekana mara nyingi. Lakini wastani wa kundi ni kitu kimoja na mama aliyelala mbele yako ni kitu kingine. Namba za wazima na za wagonjwa zinaingiliana, na ukimpata mtu katikati ya maingiliano hayo huna la kumwambia.

Karibuni kwa maswali, nitajibu kadiri zamu itakavyoniruhusu.

Mama Kijacho

Asante sana kwa uzi, umeeleweka. Mimi nina wiki 24, niliandikiwa kondo lipo ukuta wa nyuma. Je, kwangu kipimo hicho kinafanyika? Na kondo kukaa nyuma ni tatizo? Maana tangu nisome ripoti nina wasiwasi.

Mpimaji wa Zamu

Dada, ondoa wasiwasi. Kondo kukaa nyuma ni kawaida kabisa, ni mahali tu lilipojishikiza. La kuangaliwa ni likikaa chini likafunika mlango wa uzazi, na hilo wangekuandikia.

Kuhusu kipimo, kwako kingekuwa kigumu. Ile sauti ya kusukuma inapungua nguvu kadiri inavyozama, na ikivuka kina cha sentimita 7 au 8 mtikiso unakuwa dhaifu mno kuufuatilia. Kondo lililokaa ukuta wa nyuma mara nyingi lipo huko huko, na njiani kuna maji ya uzazi na mtoto mwenyewe. Kwenye maji mtikiso wa aina hii hauwezi kusafiri kabisa, na kumpitishia mtoto msukumo ni jambo ambalo hatutaki kulifanya.

Matokeo yake, makondo ya mbele ndiyo yaliyopimwa kwa wingi. Kwa hiyo hata hiyo "namba ya mimba yenye afya" imeegemea upande mmoja. Wenye kondo lililokaa nyuma ni wengi sana, na kipimo kitakachowaacha nje hakiwezi kuwa kipimo cha kliniki ya kila mtu.

Fundi Vipimo

Mkuu umetoa shule. Nami niongeze upande wa mashine, maana huko ndiko kwangu.

Anayesoma tafiti hizi awe macho na neno "kilopaskali". Wapo wanaoripoti ugumu wa kuvuta na kubana, ule ulio na mara tatu kwenye hesabu. Wapo wanaoripoti ugumu wa kukata, ambao hauna ile mara tatu. Mtikiso huo huo wa mita 1.2 utaitwa 4.3 na mmoja na 1.4 na mwingine. Mtu akiziweka kwenye jedwali moja bila kuangalia, anasema kondo la huku ni gumu mara tatu ya la kule.

La pili, ile hesabu inachukulia kwamba nyama inafanana kila upande, haina mnato, na inarudi mahali pake mara moja ikisukumwa. Kondo halina hata moja ya sifa hizo. Lina mnato, na kwenye kitu chenye mnato mtikiso wa masafa ya juu (yaani unaotikisika mara nyingi zaidi kwa sekunde) unakwenda kasi kuliko wa masafa ya chini. Mashine mbili za kampuni tofauti zinazaa mitikiso ya masafa tofauti, hivyo zinaweza kutoa namba mbili kwenye kondo moja na zote zikawa zimefanya kazi yake vizuri. Ndiyo maana kuna wanaotumia kitetemeshi cha nje kinachotikisa kwa masafa yanayojulikana, halafu wanapima mnato pamoja na ugumu. Mimi naona huko ndiko kwenye mwanga zaidi, ingawa ni vifaa vingi kumfungia mjamzito.

Mpimaji wa Zamu

Fundi, hapo umenisaidia. Mnato ningeuruka.

Kikongwe wa Jukwaa

Mimi nasema wazi: hayo mambo ya kusukuma nyama kwa sauti ndani ya tumbo la mjamzito siyapendi. Ultrasaundi ya kawaida yenyewe watu wanasema inamchoma mtoto. Sasa mnataka kuongeza nguvu ili mpate namba ambayo wenyewe mmekiri haina maana?

Mpimaji wa Zamu

Mzee wangu, swali lako ni la haki, ingawa la ultrasaundi ya kawaida kumchoma mtoto halina ushahidi. Ultrasaundi ya uzazi ipo tangu Ian Donald na wenzake walipochapisha picha zao Glasgow mwaka 1958, na vizazi vimepita.

Msukumo wa elastografia ni habari nyingine kidogo, hapo nipo nawe. Picha ya kawaida hutumia mlio wa sehemu ya milioni ya sekunde au mbili tatu hivi. Mlio wa kusukuma ni mrefu mara mamia. Nishati inayomezwa na nyama inageuka joto, na kinachomeza kupita vyote ni mfupa. Shirikisho la dunia la ultrasaundi ya tiba na baiolojia, WFUMB, lina mwongozo kwamba joto likipanda si zaidi ya nyuzi 1.5 juu ya 37 hakuna cha kuhofia, ila kijusi kikipandishwa nyuzi 4 kwa dakika 5 au zaidi ihesabiwe kuwa hatari inayowezekana. Misukumo michache iliyotenganishwa kwa sekunde kadhaa haikaribii hapo kwenye nyama laini. Lakini "haikaribii" ni ya msukumo ulioelekezwa kwenye kondo. Fuvu au uti wa mgongo wa mtoto ukiwa nyuma tu ya kondo, unasubiri ageuke au unahamisha kifaa. Na wiki za mwanzo, viungo vinapoumbika, usiguse kabisa.

Hivyo msimamo wangu ndio huo wako kwa njia nyingine: kipimo ambacho bado hakibadilishi matibabu hakifanywi kwa mjamzito nje ya utafiti wenye kibali cha maadili na ridhaa yake. Anayekiuza kama huduma ya ziada anauza namba.

Kikongwe wa Jukwaa

Hapo sawa. Nilidhani mnapigia debe.

Mwanafunzi Mwaka wa 3

Wakuu, kwa vitendo kinapimwaje? Nimesoma makala kadhaa lakini sehemu ya mbinu wanaandika mistari miwili.

Mpimaji wa Zamu

Mdogo wangu, hiyo mistari miwili ndiyo inayoficha nusu ya tofauti kati ya tafiti.

Mama alale ameegemea kidogo upande wa kushoto. Akilala chali miezi ya mwisho, mji wa mimba unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na huku wewe unapima kiungo kilichojaa damu. Paka jeli ya kutosha. Kisha tafuta kondo kwa picha ya kawaida, ulikate kwa pembe ya mraba, uone ukuta wa mji wa mimba juu na utando wa upande wa mtoto chini.

Mkono. Hapa ndipo wanaotoka kwenye picha za kawaida wanapoharibu. Tumezoea kubonyeza ili picha ing'ae. Kwenye elastografia ukibonyeza, nyama ya juu inakazwa na mtikiso unakwenda mbio, namba inapanda bila ugonjwa. Kifaa kiguse tu, jeli ionekane kama ukanda mwembamba chini yake.

Weka kisanduku cha kupimia katikati ya unene wa kondo, mbali na mishipa mikubwa na mbali na madimbwi ya damu, kwa sababu damu tupu haibebi mtikiso. Mwambie mama asimamishe pumzi sekunde chache pale alipo, asivute pumzi ndefu kwanza. Chukua kipimo, achia, subiri, rudia. Kwa ini tunachukua 10 au zaidi na kutumia ya katikati, na kama mtawanyiko unazidi asilimia 15 ya hiyo ya katikati kwa mwendo, au 30 kwa kilopaskali, tunakitilia shaka. Wengi wa kondo wameazima kanuni hizo hizo.

Halafu kuna kukaza kwa mji wa mimba. Mama mwenyewe anaweza asisikie. Kwenye kioo utaona ukuta ulio nyuma ya kondo unanenepa polepole, unajaa kama kilima, na kondo linasukumwa mbele. Ukipima hapo unapima mkazo, hupimi kondo. Ondoa mkono, piga naye soga, ukuta ukishalala endelea. Makala isiyosema walifanya nini mji wa mimba ulipokaza, mimi naisoma kwa jicho moja.

Nesi wa Usiku

Niseme neno kwa wajawazito wanaopita kimya kimya. Wakati wataalamu wanahangaika na mitikiso, presha yako na mkojo wako ndivyo vinavyookoa maisha leo. Kichwa kinauma hakiachi, macho yanaona vimulimuli au ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla: usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Na Mpimaji, hebu waambie na kuhusu vipimo vya damu na aspirini, maana vinasahaulika.

Mpimaji wa Zamu

Asante sana dada, hilo lilipaswa kuwa juu.

Kwa mwenye dalili za kutia shaka, kuna kipimo cha damu cha protini mbili zinazotoka kwenye kondo, sFlt-1 na PlGF. Uwiano wake usipozidi 38, uwezekano wa ugonjwa kutokea ndani ya wiki moja ni mdogo sana, na mama anaweza kurudi nyumbani.

Kwa kuzuia, utafiti wa ASPRE uliochapishwa 2017 ulichuja wajawazito wa wiki 11 hadi 14 kwa historia yao, presha, Dopla (ultrasaundi inayopima mtiririko wa damu) ya mishipa ya mji wa mimba na protini za damu. Walioonekana na hatari kubwa wakapewa aspirini miligramu 150 kila usiku au kidonge kisicho na dawa. Kifafa cha mimba kinachokuja kabla ya wiki 37 kilikuwa asilimia 4.3 kwa waliopewa kidonge kitupu na 1.6 kwa waliopewa aspirini. Aspirini ni kwa maelekezo ya daktari, sio ya kujinunulia.

Angalieni pia kwamba ugumu wa kondo haukuwemo kwenye ule mchujo. Wiki 11 kondo ni dogo na tunajizuia kulisukuma, wakati aspirini inataka ianzwe kabla ya wiki 16. Kwa hiyo elastografia, ikija kukubalika, nafasi yake naiona baadaye: kwa mama wa wiki 24 au 28 ambaye mtoto haongezeki uzito vizuri na Dopla haijasema kitu cha uhakika. Au kutofautisha mtoto aliye mdogo kwa maumbile tu na mtoto mdogo kwa sababu kondo linamnyima.

Mwanafunzi Mwaka wa 3

Swali la mwisho mkuu. Kwa nini wasipime makondo yaliyokwisha kutoka? Hakuna mtoto wa kuogopea, hakuna mkazo, unapima mbele na nyuma, na unaweza kulikata ukaliangalia kwa hadubini.

Mpimaji wa Zamu

Wanapima, na hiyo faida ya hadubini ni kubwa: unajua kabisa kwamba pale penye mtikiso wa kasi kulikuwa na kovu au fibrini. Wakati wa uhai wa mimba huwezi kukata kipande.

Shida ni kwamba kondo lililotoka limekamuliwa. Damu ya mama imemwagika, mishipa ya mtoto imelegea, joto limeshuka, na saa zinavyokwenda nyama inaanza kubadilika. Ugumu wa kondo likiwa kazini unatokana na vijitawi vyenyewe pamoja na shinikizo la damu iliyomo. Ukitoa damu umebaki na vijitawi. Wengine hulirudishia maji yenye chumvi au damu kwa pampu kupitia kiunga mwana ili lijae tena, na hilo linasaidia, ila ule upande wa mama ni mgumu kuurudishia ulivyokuwa.

Kama unatafuta mada ya utafiti wa mwisho wa mwaka, ningeanza na wanawake wazima wa afya wenye kondo la mbele, wapimaji wawili, mashine moja, kila mama apimwe na wote wawili siku hiyo hiyo bila mmoja kuona namba za mwenzake. Ni utafiti usio na mbwembwe. Zungumza na msimamizi wako kuhusu kibali mapema, kamati ikisikia "mjamzito" na "msukumo" kwenye sentensi moja itakuuliza maswali yote ya Mzee Kikongwe.